Je, Nywele Fupi Zitanifaa?



Safari hii tumeona vema tuandike juu ya nywele. Tunajua wako watakaoshangaa, na mzee mmoja amekwisha kutuuliza kama Neno limekwisha hata tuanze kufundisha mambo ya saluni. Lakini swali hili linaletwa kwetu mara nyingi na kina mama na mabinti, baada ya ibada, kwenye foleni ya maji, wakati wa kusukana: “Nikikata nywele zikawa fupi, zitanifaa kweli?” Anayeuliza huuliza huku akicheka, kama mtu anayeuliza jambo dogo. Ukimjibu kwa kucheka naye huonekana ameridhika, lakini wiki ijayo anauliza tena.

Sisi tunaona kwamba kwa mtu aliyekimbia hili si jambo dogo. Aliyekimbia huamuliwa mambo mengi. Wengine huamua atajenga wapi, atapewa mabati mangapi, mgao wa mwezi huu utakuwa kilo ngapi, na lini atahesabiwa tena. Hata picha iliyo kwenye karatasi zake alipigwa siku ambayo hakuichagua, na ndiyo hiyo anayoionyesha kila mahali. Vitu vilivyobaki chini ya mkono wake ni vichache, na kichwa chake ni kimojawapo. Kwa hiyo dada anapouliza kama nywele fupi zitamfaa, huenda anauliza pia kama bado lipo jambo ambalo neno lake ndilo la mwisho.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo sisi huyachanganya: kupendeza na kufaa. Viatu vyekundu vyenye kisigino vinapendeza, hakuna atakayebisha, lakini havifai njia za Mutaho wakati wa mvua. Swali la kupendeza hupelekwa kwa macho, na macho ya watu hayakubaliani hata siku moja. Swali la kufaa hupelekwa kwa maisha ya mwenye kichwa: anaamka saa ngapi, nani atamsuka, sabuni na mafuta anapata wapi, anabeba nini kichwani. Mama anayebeba ndoo ya lita 20 kila asubuhi anajua kwamba nywele zilizosukwa jana huanza kuharibika leo chini ya ngata.

Tena kuna gharama. Kusuka huchukua nusu siku, na siku nzima kama rasta ni ndogo, na uzi au nywele za bandia hununuliwa kwa fedha ambayo ingenunua maharage. Wengi husema basi, jibu limepatikana, kateni. Tunawaomba wasiende haraka. Ile nusu siku si hasara tupu. Wako wajane kati yetu ambao kwa mara ya kwanza walisimulia yaliyowapata wakiwa wameweka kichwa kati ya magoti ya mwenzao, wakitazama chini, wasione uso wa mtu. Anayenyoa hupata nafasi ya siku ile, lakini hupoteza magoti ya mwenzake. Hilo nalo lihesabiwe.

Yako mambo ambayo mtu anaweza kuyajua kabla mkasi haujafika. Nywele zetu hujikunja, hata nywele zinazofika mabegani zikivutwa huweza kukaa karibu na kichwa zikiachwa zenyewe. Kwa hiyo anayetaka kujaribu asianze na kinyozi. Afumue, aoshe, aziache zikauke bila kuzivuta, kisha atembee nazo hivyo siku nzima, aende sokoni, aende kuchota maji. Akirudi jioni atakuwa amejua karibu kila kitu ambacho kioo kingemwambia. Pia azilowanishe na kuzibana nyuma kwa kitambaa, aangalie paji, masikio na taya. Watu husema sana juu ya uso wa mviringo na uso mrefu, kwamba huu unakubali na ule unakataa. Sisi tumeona nyuso za kila namna zikikubali. Kisogo na shingo vina neno kubwa zaidi, na hivyo mtu havioni mwenyewe, bali huvipapasa kwa vidole. Apapase polepole, ajue kichwa chake kina mabonde gani.

Wengine hawaamui kukata bali nywele zenyewe ndizo zinazoondoka. Mama hupoteza nywele nyingi miezi mitatu hivi baada ya kujifungua. Hali kama hiyo huwapata walioumwa homa kali au waliopata mshtuko mkubwa wa huzuni, nao pia huiona baada ya miezi miwili au mitatu, wakati wamekwisha kusahau kuihusisha na ugonjwa ule. Mara nyingi mizizi iko hai na nywele hurudi, karibu sentimita moja kwa mwezi. Kwa mtu wa namna hii kukata fupi ni kujipumzisha. Lakini nywele zinazoondoka pembeni mwa paji kwa sababu ya kusukwa kwa kuvutwa sana ni jambo jingine: mvuto ukiendelea miaka mingi mizizi hufa na hazirudi. Mabinti wanaolia wakati wa kusukwa wasiambiwe wavumilie.

Na zile dawa za kulainisha nywele, ambazo huunguza ngozi zikikaa sana, zinatiliwa shaka zaidi ya hapo. Mnamo Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wanawake waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi kuliko wasiozitumia: kwa makadirio yao, karibu 4 katika kila 100 hadi kufikia umri wa miaka 70, wakati kwa wasiotumia ni chini ya 2. Hilo bado si uthibitisho kwamba dawa hizo ndizo zilizoleta ugonjwa, lakini hatuoni sababu ya kuzikimbilia.

Neno moja kwa wazazi, nalo ni zito kuliko hayo yote. Mtoto ambaye nywele zake zimekuwa nyembamba, zimegeuka rangi kuwa nyekundunyekundu na zinang’oka bila maumivu, huyo si wa kupelekwa kwa kinyozi. Hiyo ni dalili ya utapiamlo. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na nywele zake ziachwe kama zilivyo ili mganga azione.

Basi mtu anaweza kuyajua yote hayo na bado asijue kama zitamfaa. Kwa nini? Kwa sababu nywele zile zile fupi, juu ya kichwa kile kile, huwa kitu kimoja zikikatwa na mkono huu na kitu kingine zikikatwa na mkono ule.

Maandiko yanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Ayubu alipofiwa na watoto wake wote kwa siku moja alinyoa kichwa. Hakuna aliyemshika. Samsoni naye alinyolewa, lakini akiwa amelala magotini pa Delila, na aliyenyoa alikuwa mtu aliyeitwa makusudi. Vichwa vyote viwili havikuwa na nywele, lakini cha kwanza kilikuwa cha mtu anayeomboleza kwa hiari yake na cha pili cha mtu aliyeibiwa.

Lakini habari inayotugusa zaidi ni ile ya 2 Samweli sura ya 10, ambayo haihubiriwi mara nyingi. Daudi alituma watumishi wake kumpa pole Hanuni, mfalme wa Waamoni, aliyefiwa na baba yake. Hanuni akashauriwa kwamba hao ni wapelelezi, akawakamata, akawanyoa nusu ya ndevu kila mmoja, akawakatia nguo zao katikati, akawarudisha. Angalieni alichofanya Daudi. Hakuwaambia kwamba ni ndevu tu na zitaota. Hakuwaambia waje mjini kama walivyo ili watu waone ubaya wa Waamoni, ingawa hilo lingemsaidia katika vita. Alituma watu wawalaki njiani, kwa kuwa waliona haya sana, akawaambia wakae Yeriko mpaka ndevu zitakapoota, ndipo warudi. Aliwapa mahali na akawapa muda. Mfalme mwenye vita mlangoni alikumbuka ndevu za watumishi wake! Sisi hatuijui habari nyingine inayoonyesha wazi hivyo kwamba aibu ya kichwa ni aibu ya kweli, na kwamba aliyevunjiwa heshima ndiye anayestahili kusubiriwa.

Mambo ya Hanuni hayakuishia kwa Waamoni. Ufaransa ilipokombolewa mwaka 1944, wanawake wapatao 20,000 walioshukiwa kuwa na urafiki na Wajerumani walinyolewa vichwa, wengi wao hadharani, huku watu wakicheka. Mtindo huo wa nywele wanawake wengine duniani wameuchagua wenyewe kwa fedha zao. Wale wa Ufaransa haukuwafaa, na hakuna uso wa mviringo ambao ungewasaidia.

Kinyume chake tunaye mama wa Kenya, Muthoni wa Kirima, aliyepigana msituni Nyandarua wakati wa Mau Mau na kupata cheo cha Field Marshal. Nywele alizofuga tangu miaka ile ya 1950 hakuzikata uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wala marais walipobadilika. Zilikuwa zimefika chini sana, na watu walimwuliza mara nyingi. Alizikata tarehe 2 Aprili 2022, huko Nyeri, akiwa na umri wa miaka zaidi ya tisini, na aliyezikata kwa mkasi alikuwa Mama Ngina Kenyatta. Alifariki Septemba 2023. Mtu anaweza kusema bibi wa miaka tisini ana haja gani na mtindo mpya. Sisi tunaona kwamba alichagua siku na akachagua mkono, na ndiyo maana zilimfaa.

Hapo ndipo tunapoliangalia suala la shule. Katika shule nyingi za Burundi, Tanzania na Kenya mabinti hutakiwa kuwa na nywele fupi. Sababu zipo na hatuzidharau: usafi, muda wa masomo, na kwamba binti ambaye mama yake hana fedha ya kusuka asionekane tofauti na mwenzake. Kwa familia zetu sababu hiyo ya mwisho ni msaada halisi. Lakini kanuni ni kitu kimoja na wembe wa mwalimu mbele ya darasa ni kitu kingine. Binti anayekatiwa nywele mstarini huku wenzake wakitazama ametendewa alichotenda Hanuni, hata kama kanuni ni nzuri. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba shule moja ya Nairobi haikuwa na haki ya kumzuia mwanafunzi wa imani ya Kirasta kwa ajili ya nywele zake. Si lazima tuwe Marasta ili tuone kwamba mahakama ilitofautisha kichwa cha mtu na mali ya shule. Mzazi mwenye busara atamnyoa binti nyumbani kabla ya muhula, amweleze kwa nini, na amwache achague kati ya fupi na fupi sana. Ni uchaguzi mdogo, lakini ni wake.

Tunasikia sasa mtu akifungua 1 Wakorintho sura ya 11. Ni vema. Paulo anaandika kwamba ni aibu kwa mwanamke kukatwa nywele au kunyolewa, na wako ndugu waliolifunga jambo hapo. Tunawaomba wasome sura nzima. Shauri lililo mbele ya Paulo ni namna ya kufunika kichwa wakati wa kuomba na kutoa unabii, naye anachukulia kwamba wanawake huomba na kutoa unabii kusanyikoni, jambo ambalo wanaoipenda sura hii hawalipendi sana. Hoja yake inategemea kile ambacho watu wa Korintho walikiona kuwa aibu. Mama wa Mutaho anayeingia kanisani na nywele fupi na kitambaa safi hawatangazii watu aibu yoyote, ni mama tu. Na Paulo mwenyewe alinyoa kichwa kule Kenkrea kwa ajili ya nadhiri, wala hatusomi kwamba mtu alimwuliza kama kulimpendeza. Wako watumishi wanaoifahamu sura hii tofauti na sisi, na hatutagombana nao. Tunachokataa ni mtu kuitumia kama wembe juu ya kichwa cha mwingine.

Sasa tuseme lile ambalo hasa limetufanya tuandike.

Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mauaji yalifika kwenye vilima vyetu. Wengine waliuawa na majirani, wengine waliuawa na askari waliokuja baadaye. Wengine walikimbilia kwenye makazi ya wakimbizi wa ndani wasirudi tena mlimani, wengine walijificha mabondeni, wengine walivuka hadi Tanzania. Miaka zaidi ya thelathini imepita. Lakini wako kati yetu ambao kumbukumbu ya siku zile imeandikwa kwenye ngozi ya kichwa, chini ya nywele na chini ya kitambaa, na watoto wao wenyewe hawajawahi kuiona.

Dada wa namna hiyo akiuliza kama nywele fupi zitamfaa, msimjibu juu ya mashavu yake. Anauliza kama yuko tayari kuonekana. Siku ya soko atakutana na mtu wa kilima alikotoka, na kovu litasema kabla yeye hajasalimu. Mmoja atadhani ameshtakiwa. Mwingine atamhurumia kwa sauti kubwa mbele ya watu. Mtoto atauliza, “Mama, hapo palifanyika nini?” na itambidi achague jibu palepale, akiwa na kikapu mkononi.

Wako wanaomshauri aonyeshe, kwa kuwa ukweli huweka watu huru. Wako wanaomshauri afunike, kwa ajili ya amani, kwa kuwa sasa tunaishi pamoja na mambo yametulia. Tumesikiliza pande zote mbili, na tunaona kila upande unataka kukifanya kichwa chake kifanye kazi ya wengine. Amani isiyoweza kuvumilia kuliona kovu la mama mmoja sokoni ni amani changa sana, nasi hatuwezi kumtwisha yeye mzigo wa kuibeba. Wala yeye si ushuhuda wa kutembea, kwamba kila anayepita ausome. Anaweza kukata leo. Anaweza kukata baada ya miaka kumi. Anaweza kuzikwa na kitambaa chake. Yeriko yake ni ya kwake na hesabu ya siku ni yake.

Tangu mwaka 2003 ndugu wa Kanisa la Marafiki wamekuwa wakiendesha Burundi na Rwanda semina za uponyaji wa majeraha ya moyo, ambazo zimefika hata huku Mutaho. Huchukua siku tatu, na watu wa pande zote mbili hukaa katika chumba kimoja. Walioshiriki wanajua kwamba siku ya kwanza watu hawaketi karibu, na hakuna anayeharakishwa. Tunadhani huo ndio mwendo unaofaa kwa jambo hili la nywele pia.

Lakini kuna neno kwa sisi tunaotazama. Zamani kwa jirani zetu wa Rwanda binti mwenye masunzu alijulikana kwamba hajaolewa, na akiolewa aliacha mtindo ule. Kichwa kilikuwa barua na kila mtu aliisoma sawasawa. Sisi tumechanganyika: Mrundi wa mlimani, Mkongomani wa Kivu, kijana aliyekulia kambini Kigoma. Kichwa kilichonyolewa kwa mmoja ni msiba, kwa mwingine ni usafi, kwa mwingine ni mtindo aliouona kwenye simu. Na bado tunasoma kwa haraka. Binti wa nywele fupi tunamwita mhuni au tunasema anataka kuwa mwanamume. Kijana wa rasta tunasema anavuta bangi. Mjane aliyenyoa tunamwuliza amefiwa na nani tena.

Hilo la kusoma vichwa lina historia mbaya katika nchi hizi. Enzi za Wabelgiji walikuja watu na vipimo wakapima pua na vimo. Mwaka 1993, na miaka iliyofuata, wako waliosimamishwa njiani wakatazamwa uso, na kwa kutazamwa hivyo wakaachwa au wakauawa. Hatusemi kwamba kumcheka binti kwa nywele zake ni sawa na hayo, Mungu apishe mbali. Tunasema tu kwamba ni jicho lile lile, jicho linalodhani limekwisha kumjua mtu kabla hajafungua kinywa, na sisi wa hapa tungepaswa kuwa wagumu kuliko watu wote kulitumia.

Je, basi mtu asimwulize yeyote, aamue peke yake? Hapana. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na hiyo si habari ya vinyozi tu. Hakuna anayekiona kichwa chake pande zote. Lazima pawe na jicho la pili, na kazi ni kulichagua. Yule asukaye kwa malipo atakuambia usikate, na mwenye mashine ya kunyolea atakuambia ukate. Rafiki anayekuonea wivu ni hatari pande zote mbili. Mume anastahili kuulizwa, kama naye angepaswa kukuuliza kabla ya kufuga zile ndevu. Lakini kuulizwa si kutoa ruhusa. Tunaona mtu mzuri wa kumwuliza ni yule aliyewahi kukuambia jambo ambalo hukulipenda na bado mkaendelea kula pamoja. Mara nyingi ni dada wa kuzaliwa au shangazi. Mwulize akitazame kisogo chako, si mtindo kwenye simu. Na wale wanaokata kwa sababu wenzao wote wamekata, tunajua methali isemayo mwenzako akinyolewa wewe tia maji, lakini methali hiyo yahusu hatari inayokuja, haisemi kwamba kila anayenyolewa karibu nawe amepata mtindo wako.

Wako watakaosema tumelipa jambo hili uzito kupita kiasi, kwa kuwa nywele huota. Kweli huota. Bwana alifundisha kwamba Mungu anajua hata hesabu ya nywele zetu, na wapo wanaotaniana kwamba tukienda kwa kinyozi tunampunguzia kazi. Lakini sentimita moja kwa mwezi maana yake ni kwamba aliyekata asipoyapenda ataishi nayo nusu mwaka kabla hajaweza kusuka tena vizuri. Kwa mtu ambaye siku zake zimejaa mambo asiyoyapenda, nusu mwaka ni mrefu. Kwa hiyo kata kwa hatua: kwanza hadi shingoni, ukae mwezi mmoja, ndipo hadi masikioni, ndipo mashine. Anayeweza kusimama katika hatua yoyote bila kuona haya amefika.

Na kwa anayekwenda kwa kinyozi wiki hii: nenda asubuhi kabla ya foleni na kabla betri ya mashine haijachoka, kwa maana mashine isiyo na nguvu hung’oa badala ya kukata. Wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele ya macho yako, kwa kuwa wembe mmoja kwa vichwa viwili unaweza kuhamisha damu yenye ukimwi au homa ya ini. Mashine ifutwe kwa spiriti kati ya mtu na mtu, hasa kwa watoto, ambao huambukizana mapunye kwa njia hiyo. Mwenye kuota vipele kisogoni asinyolewe hadi kwenye ngozi, aachiwe kidogo. Na uchukue kitambaa, hata kama umekusudia kurudi bila kukifunga. Siku mbili tatu za kwanza kichwa kitasikia baridi ambayo hukuitarajia, na asubuhi za Juni na Julai huku Gitega baridi yenyewe haina utani.